Mkanda Ule Ule

Mara ya kwanza tulicheka.
Themanini na saba, banda la Aminieli, Majengo, Moshi:
kuta za mabanzi, dirisha limezibwa kwa gunia la kahawa
bado lina namba ya chama cha msingi.
Mbonea kasimama kando ya televisheni yenye chogo
anatutafsiria Kizungu asichokijua:
"Bwana huyu wa joho anasema hajala tangu juzi.
Mwelekezeni Mbuyuni, kuna kiburu!"
Yule bwana akasimama dirishani usiku,
hawezi kuingia mpaka akaribishwe.
"Anapiga hodi," akasema Mbonea,
na banda zima likaitika: Karibuuu!
Meno yakazama shingoni mwa binti wa watu,
sisi tunajipiga mapaja.

Bibi Ndeanasia alikuja kunifuata na fimbo ya mpera.
Akafika mlangoni, akaona, akaisahau fimbo.
Njiani akasema, "Yule namjua.
Zamani za Mwingereza alivaa kofia ya zimamoto.
Jioni hatukupita karibu na boma.
Mumiani joho la nini, na gari jekundu analo?"
Nikamcheka na yeye.

Mkanda ule ule, tisini na nne.
Umelika, picha ina chenga.
Aminieli anasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti,
harufu ya wodi ya KCMC, wiki ya sita sasa,
ambako dada Aikaeli amelala
na nyumbani tunasema ni mapafu.
Wiki hiyo magari matatu yalipanda Kibosho,
taa zimewashwa mchana,
vijana wa Mererani na Dar wanarudishwa migombani
wepesi, jeneza wanalibeba wawili.
"Anasema..." Mbonea akaanza. "Anasema..."
Yule wa joho akainama juu ya kitanda, taratibu, kama mpenzi.
Binti akafumba macho, akaitoa shingo mwenyewe.
Karanga zilinyamaza midomoni.
Nyuma kabisa mtu akasema, "Mwambie asikubali,"
kwa sauti unayotumia kwa mdogo wako.
Mbonea hakutafsiri tena usiku ule.
Tulielewa kila neno.

Aminieli alikuwa na sanduku zima la mazimwi:
mbwa mwitu wa mbalamwezi, nyumba inayolia, nyuki wakubwa kama kuku.
Tulitazama, tukaenda kulala.
Wale hawakuwa na habari zetu.
Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Labda. Mimi naona tulikuwa tunalipa kiingilio
tukaangalie kama linatujua.
Lile la joho lilituita kwa majina,
majina ya nyumbani, yale ya kubatizwa migombani,
na mwaka ule aliyesikia lake alitoka nje
akajifanya anakojoa, akakaa huko mpaka mwisho.
Aikaeli tulimzika Agosti.

Jana nimemwonyesha Manka, kwenye simu, uani kwetu Pasua.
Amecheka hadi machozi.
"Mama, hiyo si damu, ni tomato ya chipsi!"
Nikacheka naye. Nilimkumbuka bibi, nikacheka zaidi.
Kisha simu ikatetemeka mkononi mwake:
marejesho ya wiki, riba juu ya riba,
na orodha ya watakaopigiwa, wa kwanza mimi.
Sofa iliondoka Jumanne.
Walikuja vijana wawili, mashati yamechomekwa,
wakaomba maji, wakanywa, wakashukuru.
Mikopo hii mtaani inaitwa kausha damu.
Sijui nani aliibatiza.
Bibi angempa mkono.

Manka ameurudia mkanda, hacheki.
Bwana wa joho amefika dirishani,
mdogo kama kidole gumba, mvumilivu vile vile.
Mbonea, Mungu amrehemu, hayupo kutuambia anachosema.
Nje, getini, mtu anakohoa.
"Hodi hapa!"
Manka ameilaza simu kifudifudi.
Tumekaa, mimi na yeye, kimya,
kama banda zima.